Namna ya kutafuta badepite ba Australia ba mbele ya 1901
Bandugu ba Bukavu, usianze na neno Australia, ile inchi ilikuwa bado, kulikuwa makoloni sita na kila moja na bunge yake. Jua kwanza koloni. Kisha uliza nyumba gani ya bunge, juu kule koloni ya New South Wales ba Legislative Council (nyumba ya juu) walikuwa wanateuliwa, ba Legislative Assembly (nyumba ya chini) njo walichaguliwa, lakini koloni ya Victoria nyumba zote mbili zilichaguliwa, hapa njo watu wengi wanapotea. Sasa ingia Trove, site ya internet ya maktaba ya taifa ya Australia, kuko magazeti ya zamani bure kabisa, utalipa mega tu, andika jina na mwaka. Na New South Wales walianza kulipa badepite 1889, kwa hiyo ukipata mufanyakazi wa mikono mbele ya hapo, tafuta nani alikuwa anamulisha, mi napenda sana hii swali.