Namna ninavyowinda watunzi chipukizi Nairobi, na ninavyowapendekeza bila kumchosha mtu

Kila Ijumaa jioni natuma wimbo mmoja kwa watu kama sitini kwenye WhatsApp. Mmoja tu. Nilipoanza nilikuwa natuma ishirini kwa mpigo, nikaja kugundua hakuna aliyewahi kufika wa tatu, hata mke wangu.

Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti wa kukodishwa: harusi, harambee, mazishi, shoo ndogo za mjini. Watu hudhani nina ndugu studio anayenipa nyimbo kabla hazijatoka. Sina. Ninachofanya ni kutafuta aliyeuandika wimbo na kumfuata yeye. Waimbaji wazuri Nairobi wamejaa. Anayeandika mistari inayokaa kichwani hadi kesho yake ndiye adimu.

Hatua ya 1: Sikiliza hadi ubeti wa pili

Tenga saa mbili kwa wiki. Yangu ni Jumanne usiku watoto wakilala. Usisikilize ukiosha vyombo wala ukiwa kwenye matatu yenye spika kubwa kuliko injini.

Kwenye Spotify, wimbo hauhesabiwi kuwa umesikilizwa mpaka ufikishe sekunde 30. Na tangu 2024, wimbo usiosikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili haumlipi msanii hata ndururu. Kwa hiyo wengi wanakimbiza kiitikio mbele, wanakurushia kila walicho nacho kabla hujabonyeza wa pili. Usihukumu kwa hizo sekunde. Kila mtu ana ubeti wa kwanza, kwa sababu hapo ndipo lilipo wazo lililomfanya ashike kalamu. Ubeti wa pili ndio unaomuumbua. Kama anarudia yaleyale kwa maneno mengine, mpe mkono wa heri. Kama hadithi imesogea, au imegeuka, andika jina lake.

Ndiyo, andika. Nina daftari la mistari la shilingi hamsini: jina, tarehe, na mstari mmoja ulionikaa. Ile alama ya moyo kwenye simu nimeibonyeza mara elfu na sikumbuki hata nusu ya nilichokipenda.

Hatua ya 2: Soma majina madogo

Ukishaupenda wimbo, bonyeza vile vidoti vitatu, ufungue sehemu ya waliohusika. Utaona aliyeimba, aliyeandika na aliyetayarisha. Chukua jina la aliyeandika ulitafute peke yake.

Kuna mwaka nyimbo tatu za waimbaji watatu tofauti zilinikaa kichwani, na sikuona zinahusiana vipi hadi nilipofungua majina. Mtunzi mmoja! Naye alikuwa na nyimbo zake mbili, zimekaa hapo kimya, hazina hata picha ya maana. Wimbo wa kwanza niliowahi kutuma Ijumaa watu wakanipigia simu ulikuwa mojawapo ya hizo mbili.

Tabia hii niliiokota Kenyatta Market. Katikati ya harufu ya nyama choma na akina dada wanaosuka nywele, kuna kibanda cha santuri za zamani. Chukua sahani ndogo yoyote uisome karatasi ya katikati: chini ya jina la wimbo, kwa herufi ndogo, kuna jina la mtunzi, na mara nyingi silo la mwenye bendi. Majina hayo yana uzito wake. Malaika umezunguka dunia nzima, na mpaka leo wazee wanabishana kama aliyeutunga ni Fadhili William au Adam Salim. Ukimpendekeza mtu, mtaje na aliyeandika. Haikugharimu kitu.

Hatua ya 3: Fika bango linaposema ufike

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na ndiyo inayonipa mavuno mengi kuliko zote. Nairobi, shoo ya saa moja inaanza saa tatu kasoro. Kila mtu anajua, basi kila mtu anafika saa tatu kasoro. Lakini yule ambaye jina lake limeandikwa chini kabisa ya bango ameshaimba na kushuka.

Fuatilia ratiba za Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani vilivyo majirani hapo Loita Street, na za Kenya National Theatre. Hata tamasha kubwa kama Blankets & Wine, lililoanzishwa na Muthoni Drummer Queen mwaka 2008, nenda jua likiwa bado kali, kabla mablanketi hayajajaa. Ukiweza kuingia wakati wa kupima sauti, afadhali zaidi, maana hapo msanii hana wa kumwigizia.

Jioni moja nilikuwa mitamboni kwenye ukumbi mdogo, watu kumi na watano hivi, wengine wakila chipsi. Binti akapanda na gitaa. Katikati ya wimbo wa pili waya mwembamba ukakatika, ukamchapa kidoleni. Alitazama gitaa, akaliegemeza kwenye kiti, akaendelea kuimba bila ala yoyote, akigonga paja taratibu. Nilishusha mwangwi wote kwenye mashine ili asikike alivyo. Anayekula chipsi akaacha. Alipomaliza nilimfuata kumuuliza wimbo unaitwaje.

“Hauna jina bado,” akasema, kidole kiko mdomoni.

Usiku huo nilimtafuta mtandaoni. Alikuwa na wimbo mmoja tu uliotoka, umesikilizwa mara mia mbili na kidogo.

Neno kuhusu kurekodi kwa simu: omba ruhusa. Wimbo usiotoka ukiurusha WhatsApp, umemnyang'anya siku yake.

Hatua ya 4: Uliza wanasema nini

Nilimtafutia binamu yangu wimbo wa kuingilia ukumbini siku ya harusi yake. Gitaa la Kijaluo, tamu, linabembea kama mtumbwi. Sijui Kijaluo zaidi ya salamu. Maharusi wakaingia wakicheza, watu wakapiga vigelegele, na nyanyake bwana harusi, aliyetoka Siaya usiku kucha kwa basi, akamshika mkono jirani yake akauliza ni nani aliyekufa. Ulikuwa wimbo wa kumlilia ndugu aliyezama ziwani. Na mitamboni nilikuwa nimekaa mimi mwenyewe, nikitingisha kichwa.

Tangu siku hiyo, wimbo wa lugha nisiyoijua hautoki kwangu kabla sijamwekea mwenye lugha ausikilize wote. Nairobi huna kisingizio: ploti moja ina lugha saba. Mlinzi wetu amenifafanulia nyimbo za Kikamba vizuri kuliko ambavyo mchambuzi yeyote angeweza, na amenikataza mbili.

Hatua ya 5: Lipa kitu

Kama msanii yuko Bandcamp, mtandao ambako wasanii huuza nyimbo zao, nunua hapo. Wao hubaki na asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo, na ukitoa ada ya malipo, inayobaki inamwendea msanii. Kama hayuko, muulize namba ya kutumia M-Pesa. Shilingi mia mbili si nyingi, ila hutaandika tena “mzuri sana” juu ya kitu ambacho usingekitolea hata mia mbili.

Hatua ya 6: Pendekeza kwa mtu, si kwa umati

Hata ule wimbo wa Ijumaa nauchagua nikimfikiria mmoja wa wale sitini. Wiki hii dada msusi, wiki ijayo mwalimu wa Umoja. Ujumbe wangu hauzidi mistari mitano. Taja urefu wa wimbo, kwa sababu mtu ananunua bando la siku. Taja saa ya kuusikiliza. Taja mahali pamoja ndani ya wimbo pa kutegea sikio. Na usimfananishe chipukizi na nyota yeyote. Ukisema “huyu ni fulani mpya”, msikilizaji atamtafuta fulani humo ndani, asimpate, akasirike.

Huu hapa nilimtumia rafiki yangu deree wa Rongai, kuhusu yule binti wa waya:

“Kaka, huu ni wa alfajiri, kabla hujaanza kupakia. Dakika tatu na nusu. Gitaa moja tu, ameandika mwenyewe. Anamngoja babake aliyeenda kazi Mombasa. Ubeti wa pili, sikiliza anavyoshusha sauti kana kwamba kuna mtu amebisha hodi. Ukiwa mbaya niambie.”

Alikaa siku mbili. Nilidhani hajaufungua. Jumapili usiku akajibu: “Umenikumbusha mzee. Ana mwingine?”

Nikamwambia anao, ila haujatoka, na kama anautaka afike ukumbini saa moja kamili, si saa moja ya Nairobi.