Kabla hujanunua injini ya mvuke ya bustanini
We unayetamani vile vitreni vya mvuke wa kweli vya bustanini, usikimbilie kununua injini, tafuta kwanza watu wenye reli yao uombe kwenda siku wanayowasha moto, wengi wanapenda wageni (na kuongea hawachoki!). Uliza reli yao ina upana gani kati ya chuma na chuma, milimita 32 au 45, maana ukikosea hapo injini yako itabaki pambo la kabatini. Ukishapata yako nenda na maji yaliyokenekwa (distilled water), ya bomba yanaacha ukoko kwenye boila, na oili ya silinda za mvuke sio ya gari. Gesi ya kuchemshia boila nayo, kama injini yako inaitumia, jazia mbali na injini ya mwenzio inayowaka, tangi likijaa vali huwa inatema gesi kidogo.