Namna ya Kuchora Shetani Anayeaminika

Anayetaka kuchora viumbe wa njozi akiwa Dar es Salaam asikimbilie mazimwi ya ng'ambo kabla hajafika Mwenge, kwa wachonga vinyago, akashika mkononi shetani wa Kimakonde. Mtindo huo ulichipuka miaka ya 1950, na Samaki Likankoa ndiye anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake. Kizungushe kinyago polepole: mguu unapinda na kuwa mkono, jicho limetokea begani, na pembeni umeachwa ufito mweupe wa mti ulio chini ya ganda la mpingo. Mchongaji amefuata mkunjo wa gogo, ndiyo maana kiumbe hakionekani kuwa kimeungwaungwa.

George Lilanga (1934–2005), aliyeanza na uchongaji, aliwahamishia mashetani hao kwenye rangi. Wana masikio mapana, midomo iliyochomoza na vidole vichache mno, lakini wanacheza ngoma, wanabeba watoto na kupiga soga kama majirani uani. Mholanzi Hieronymus Bosch naye, miaka 500 hivi iliyopita, alichora jitu lenye kichwa cha ndege likimeza watu, akaliketisha kwenye kiti kirefu na kulivika chungu kichwani. Kwangu mimi, kiti na chungu ndivyo vinavyotisha, kwa sababu tunavijua.

Kwa hiyo anza na shughuli, si na pembe. Chora kwa penseli mama anayekaanga mihogo, ukihakikisha uzito wa mwili umeegemea mahali pake, kisha badilisha viungo viwili au vitatu tu. Ukibadilisha vyote, mtazamaji hatakuwa na pa kushika. Sikio likiwa kubwa, shingo nayo inenepe ili ilibebe.

Kwa rangi, fuata njia ya Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta ya kupakia nyumba juu ya ubao. Paka usuli wote rangi moja, uuache ukauke kabisa, kwa maana rangi hii ikiguswa mbichi huchanganyika na kuchafuka, na katika joto letu lenye unyevunyevu haraka haisaidii. Ndipo ujaze miili, kisha mistari na madoa.

Mboni ziwe za mwisho. Zielekeze kwenye kikaango, kwani shetani anayemtazama mtazamaji huwa anajionyesha, ilhali anayechunga mihogo yake isiungue yuko kazini.