Sumaku ya umeme kwa msumari na betri ya tochi

Nafundisha sayansi hapa Kigoma na hii kitu nimeifanya na watoto mara nyingi, kwa hiyo nakupa inavyofanyika kweli, usije ukasimama na msumari wako hauvuti hata pini moja na darasa zima linakuangalia.

Tafuta msumari wa inchi 4, waya wa shaba wa kusukia mota kama mita 3, betri kubwa moja ya tochi, msasa, selotepu na pini za ofisi. Waya usinunue, nenda kwa mafundi wa feni pale Mwanga uombe mabaki, ila usikubali wa koili iliyoungua maana vanishi, ile rangi ya juu inayozuia umeme usivuke, imeshatoka, mizunguko itagusana na umeme utakatiza njia ya mkato.

Hatua ya 1. Acha waya kama sentimita 20 ukining'inia halafu zungusha kwenye msumari, mizunguko 50, ibanane kama mvuvi wa Kibirizi anavyokunja mshipi wake. Ukitaka tabaka la pili, rudi juu yake lakini mkono uendelee kuzungukia upande ule ule, ukigeuza tu tabaka moja linaua nguvu ya lingine.

Hatua ya 2, na hapa ndo wengi wanafeli. Ule waya ukiuangalia unaona shaba tupu, kumbe umevaa vanishi. Kuna kikundi kilinisumbua kipindi kizima, wamebadilisha betri, wamebadilisha msumari, wapi, nikachukua ncha ya waya nikaikwangua, pini zikaruka hapo hapo. Piga msasa sentimita 2 kila ncha, pande zote, mpaka ile rangi ya kahawia iishe na waya ung'ae kama hereni mpya.

Sturgeon, Mwingereza aliyetengeneza hii mwaka 1825, waya wake ulikuwa mtupu kwa hiyo vanishi aliipaka kwenye chuma chenyewe, na kwa mizunguko 18 akanyanyua karibu kilo 4! Kwa hiyo vanishi sio adui, tunaitoa kwenye ncha tu.

Hatua ya 3. Bana ncha moja chanya, nyingine hasi, kwa selotepu. Sekunde 5 hadi 10 halafu achia, waya unapata moto na betri inaisha fasta.

Hatua ya 4. Hesabuni pini, kisha ongezeni mizunguko ifike 100 mhesabu tena, watoto waandike wenyewe. Ukikata umeme pini zinadondoka, zikibaki mbili tatu zimeng'ang'ania usishangae, hasa kama ulichukua msumari wa zege, chuma kigumu kile kinabaki na usumaku.

Watakuomba betri ya pili, wape, ila waya utachemka mapema zaidi. Soketi ya ukutani hapana hata kwa utani, ile ni volti 230.