Kuandika mapenzi ya wakati wa vita: mfano wa Vanga, Jasin na Tanga, 1914–1916

Riwaya nyingi za mapenzi ya vitani hulegea kwa kosa lile lile: mwandishi huiachia mizinga kazi ya kuwatenganisha wapendanao. Mzinga hauna kinyongo wala deni. Ukoo unavyo vyote viwili, na vita huja kuukaba tu. Basi kabla ya risasi ya kwanza, andika nani anamdai nani.

Chukua mpaka wa pwani, kati ya Kenya na Tanzania za leo, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1914 Vanga ilikuwa kwa Mwingereza, Jasin na Tanga kwa Mdachi (Mjerumani), na Wadigo walikuwa pande zote mbili. Chora ukoo wa watu saba. Wakizidi, msomaji atawachanganya. Kwa mila ya Kidigo mali ilifuata upande wa mama: mpwa ndiye mrithi wa mjomba. Sheria ya Kiislamu nayo inawapa watoto urithi wa baba yao, na zama hizo mambo haya mawili yalikuwa yakivutana. Mweke mjomba Vanga na mpwa wake karibu na Tanga. Kijana akitaka kuoa, mahari anaitazamia kwa mjomba, na mjomba yuko ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Baba yake anajitolea kulipa yeye. Kijana akipokea, amemvunjia mjomba heshima. Akikataa, binti ataposwa na mwingine. Hapo hajatokea askari hata mmoja.

Kisha tengeneza kalenda ya safu tatu: vita, mwezi mwandamo, msimu. Usiiruke hatua hii, ndiyo inayokupa matukio bure. Vita vilifika Agosti 1914, watu wamo kwenye mfungo wa Ramadhani. Mapigano ya Tanga, tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, yalikuta mwezi mpevu. Binti hawezi kupenya minazini usiku bila kuonekana, na ukiandika giza totoro umekosea. Jasin, tarehe 18 na 19 Januari 1915, mwezi ulikuwa ndio kwanza umeandama, kwa hiyo usiku ni giza. Mwezi wenyewe ni Mfunguo Sita: Maulidi inaangukia siku kumi hivi baada ya mapigano. Tandika mikeka, washa ubani, kisha mwache mama mwenye nyumba ahesabu vikombe vya kahawa alivyozoea kutoa, abakiwe na viwili mkononi. Usieleze zaidi ya hapo. Waingereza waliingia Tanga Julai 1916, baada ya masika, njia zikiwa zimeanza kukauka.

Pima umbali kwa miguu. Vanga hadi Tanga ni mwendo wa siku mbili kwa asiye na mzigo. Mpagazi mwenye kilo 25 kichwani huchelewa zaidi. Barua iliandikwa kwa herufi za Kiarabu na kupelekwa kwa mkono. Asiyesoma alisomewa, kwa hiyo amua mapema nani mwingine aliyeyasikia maneno ya mapenzi, maana huyo sasa anashika siri ya nyumba mbili.

Mpagazi wa Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza) usimuue kwa risasi kwa sababu tu ni rahisi. Wengi walimalizwa na maradhi: posho ya unga wa mahindi iliyopikwa haraka, haikuiva, kwa watu ambao matumbo yao hayakuizoea, kisha kuhara damu, malaria na baridi ya kulala nje. Kifo cha namna hii huchukua siku kadhaa, na aliye kando ya mgonjwa ana muda wa kupewa wasia.

Hapa pana silaha kubwa kuliko zote. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi tangu siku ya kifo, lakini kifo kwanza kijulikane. Ambaye kifo chake hakina shahidi bado ni mume wa mtu. Mpe ndugu wa marehemu habari ya kaburi, mrudishe nyumbani, kisha mnyamazishe. Akisema, shemeji yake yuko huru kuolewa na mtu aliyebebea mizigo upande uliomuua kaka. Akinyamaza, anamfunga mwanamke kwa maiti. Msukume huyu ndugu kwa sura tatu au nne kabla hajafungua kinywa, na kila sura imwongezee sababu mpya ya kunyamaza.

Makosa madogo yanayomtoa msomaji hadithini: mahari kwa shilingi (ilikuwa rupia, yenye heller 100 kwa Mdachi na senti 100 kwa Mwingereza), kuiita nchi Tanganyika (nchi ilipewa jina hilo baada ya vita), na kumpeleka mtu sokoni Kariakoo, wakati mahali hapo palipata jina kutokana na vita hivyo hivyo.

Rasimu ikiisha, funika majina ya maofisa wote wa Kizungu na usome tena. Sura inayoporomoka bila wao irudishe kwenye mchoro wa ukoo, utafute ni deni gani ulilisahau.