Nyumba Huvuja Pale Fundi Mmoja Anapomwachia Mwenzake

Kazi yangu ni kutafuta mahali joto linapopenyea. Watu huniita nyumba ikiwa imekwisha: rangi imekauka, mwenyewe amehamia, bili ya kwanza imemtoa jasho. Nafika na kamera ya joto, feni kubwa ya kufunga mlangoni na kijiti cha moshi, na mara nyingi nakuta jambo lilelile. Ukuta ni mzima. Paa ni zima. Dirisha ni la gharama, tena vibandiko vya dukani bado havijabanduliwa. Shida iko pale ukuta unapokutana na paa, na dirisha linapokutana na ukuta. Mwashi alimaliza yake akaondoka, seremala akaja akamaliza yake, na ule upenyo wa kidole uliobaki kati yao haukuwa kazi ya mtu.

Wewe unayejijengea mwenyewe, au unayesimama na mafundi wako tangu msingi, una bahati ambayo mnunuzi wa nyumba iliyokwisha hana: unakiona kila kiungo kabla hakijafunikwa. Sola, betri na pampu vinaweza kuongezwa hata baada ya miaka kumi. Kiungo kilicholala chini ya plasta, ukikitaka tena utabomoa.

Kabla ya kuchimba msingi

Anza na jua, kwa sababu ndilo pekee ambalo hutaweza kulibadilisha. Pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, pande fupi mashariki na magharibi. Jua la magharibi ndilo baya kuliko yote: linaingia likiwa chini, na linakuja alasiri wakati hewa imeshapata moto. Upenu haulizuii. Jua likiwa nyuzi 60 juu ya upeo, mbele ya ukuta, upenu wa sentimita 60 huteremsha kivuli cha takriban mita moja. Likishuka hadi nyuzi 30, upenu uleule hufunika sentimita 35 tu. Kwa hiyo upande wa magharibi weka stoo, ngazi na bafu, na madirisha yawe machache na madogo. Ukilazimika kuweka kioo kikubwa huko kwa sababu ya mandhari, panga kivuli cha kusimama wima nje ya kioo: luva, miti, au kuta za pembeni. Pazia la ndani hukinga macho tu, joto limeshaingia.

Wanaojenga kwenye baridi hugeuza hesabu. Wao wanalitaka jua la majira ya baridi, na kioo kikubwa hutazama upande wa ikweta: kusini kwa walio kaskazini mwa dunia, kaskazini kwa walio kusini. Walio karibu na ikweta yenyewe wanahitaji upenu pande zote mbili, maana jua huhamia kaskazini sehemu ya mwaka kisha likarudi kusini.

Umbo nalo lina bei yake. Nyumba ya mita 12 kwa 10 na nyumba ya mita 20 kwa 6 zina eneo sawa, mita 120 za mraba. Mzunguko wa ya kwanza ni mita 44, wa pili 52. Kuta zikiwa na kimo cha mita 3, hiyo ya pili ina mita 24 za mraba zaidi za ukuta wa kujengwa, kupakwa na kupitisha joto. Kwenye baridi, chagua ile iliyojikusanya. Kwenye joto lenye unyevu mwingi mimi ningechagua nyembamba bila kusita, kwa sababu chumba chenye madirisha pande mbili zinazotazamana hupitisha upepo, na upepo mwilini ni wa bei rahisi kuliko kiyoyozi chochote. Kona nyingi, vibaraza vilivyochomekwa na paa la mikunjo saba ni vitu vya kupendeza kwenye ramani, lakini kila kona ni kiungo, na viungo ndivyo vinavyonipa mimi kazi.

Sasa jaribio ambalo ningekuomba ulifanye hata kama utaacha mengine yote. Mwombe mchoraji akupe mchoro wa nyumba iliyokatwa kwa wima, msingi hadi paa. Chukua penseli nyekundu, ufuate tabaka la kihami joto, yaani sufi au kitu kingine kinachozuia joto kupita, kuizunguka nyumba nzima: chini ya sakafu, kupanda ukuta, juu ya dari, kushuka upande wa pili, mpaka urudi ulipoanzia. Usiinue mkono. Kisha fanya vivyo hivyo kwa penseli ya buluu, ukifuata tabaka linalozuia hewa kupita. Kila mahali mkono unapoinuka, joto litapita hapo. Mara nyingi utakwama kwenye kichwa cha ukuta, kwenye slabu ya baraza inayotoka ndani kwenda nje bila kukatwa, na sakafu inapokutana na msingi. Mrudishie mchoraji akuchoree hizo sehemu moja moja, kwa ukubwa wa kusomeka, na jina la fundi atakayeifanya kila moja. Jina hilo ndilo muhimu kuliko mchoro.

Paa kwanza, ukuta baadaye

Pesa zikiwa chache, zipeleke juu. Paa ndilo linalopigwa na jua mchana kutwa, na kwenye baridi joto la ndani hupanda likatafuta pa kutokea hukohuko.

Watu huamini unene wa zege. Zege ni zito na imara, ila kama kizuizi cha joto ni dhaifu mno: sentimita 10 za sufi ya mawe, ile iliyotengenezwa kwa nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa, huzuia joto kuliko zege la unene wa mita 3. Ubora wa zege ni mwingine, wa kuchelewesha. Ukuta mzito hunywa joto la mchana na kulitoa saa kadhaa baadaye, jambo linalofaa sana mahali penye usiku wa baridi, ambapo utafungua madirisha usiku ukauosha ukuta kwa hewa. Mahali usiku ukiwa na joto karibu sawa na mchana, ukuta huo utakuchemsha kitandani.

Kihami joto kiwekwe bila mapengo. Si maneno ya fundi mwenye kupenda ukamilifu, ni hesabu. Chukua ukuta unaopitisha wati 0.3 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Acha asilimia 5 tu ya eneo lake wazi, sehemu inayopitisha wati 3. Wastani wa ukuta mzima unapanda hadi 0.435, yaani hasara imeongezeka kwa asilimia 45. Ulilipia asilimia 95 ya kazi, ukapata pungufu sana ya hiyo. Sufi ikatwe iwe pana kidogo kuliko nafasi yake ibane yenyewe. Isikunjwe, isishindiliwe, na nyaya zipite kwa kuichana katikati badala ya kuibonyeza.

Karatasi ya kung'aa inayowekwa chini ya mabati inafanya kazi, lakini si kama wauzaji wanavyosema. Inazuia mnururisho wa joto, yaani joto linalosafiri hewani kama mwanga, na kwa hiyo lazima uso wake unaong'aa utazame nafasi ya hewa ya angalau sentimita 2. Ikibanwa kati ya bati na ubao haina faida yoyote. Ikitazama juu, vumbi litaifanya butu. Ielekeze chini. Na kama uko kwenye joto, rangi nyeupe juu ya paa ndiyo kazi rahisi kuliko zote katika orodha hii: paa jeupe na safi hurudisha sehemu kubwa ya jua, jeusi hurudisha kidogo sana.

Dirisha ni shimo ulilolilipia

Kioo kimoja hupitisha takriban wati 5.7 kwa mita ya mraba kwa nyuzi moja. Vioo viwili vyenye hewa katikati, karibu 2.8. Vikipakwa utando mwembamba wa kurudisha joto na kujazwa gesi ya agoni, vinashuka hadi 1.1 hivi. Hizo ndizo namba utakazooneshwa dukani, na ni za katikati ya kioo. Uliza namba ya dirisha zima, fremu ikiwemo. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao, kwa hiyo fremu ya alumini isiyo na kipande cha plastiki kinachotenganisha nje na ndani itakutia baridi hata ukiwa na vioo vitatu.

Halafu kuna pengo. Dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 lina mzunguko wa mita 4.8. Upenyo wa milimita 2 kuizunguka fremu ni sentimita 96 za mraba, karibu sawa na tundu la sentimita 10 kwa 10. Hakuna mtu angetoboa tundu hilo ukutani akaliacha, lakini nyumba ya madirisha kumi huwa nayo kumi. Povu la kujazia peke yake halitoshi. Linakauka, fremu inacheza, ufa unarudi. Povu liwe ndani, na juu yake utepe maalumu unaonata kwenye fremu na kwenye ukuta. Ukuta ufutwe vumbi kwanza. Hapa ndipo nakuomba usimame mwenyewe, siku hiyo, na usiende kununua misumari.

Siku ya kupima, kabla ya plasta na dari

Wapimaji hufunga feni mlangoni, wakavuta hewa hadi tofauti ya shinikizo ifike paskali 50, kisha wakaangalia hewa ya nyumba inabadilishwa mara ngapi kwa saa. Nyumba za Passivhaus, mtindo wa nyumba zinazotumia nishati kidogo sana, ambao nyumba yake ya kwanza ilijengwa Darmstadt, Ujerumani, na kukaliwa mwaka 1991, haziruhusiwi kuzidi mara 0.6. Si lazima ufike huko. La lazima ni kupima wakati bado unaweza kuziba.

Huna mpimaji? Weka feni yenye nguvu kwenye dirisha moja ikitoa hewa nje, ziba pembeni yake kwa kadibodi na utepe wa karatasi unaonata, funga mengine yote, uzunguke na ubani unaofuka. Zima kwanza kila kitu kinachowaka moto, jiko, hita ya gesi, tanuri la kuni. Feni hiyo inaweza kuirudisha ndani hewa ya sumu. Moshi ukikatika ghafla au kukimbia, tia alama ya chaki. Boksi za soketi, mabomba chini ya sinki, mfuniko wa kupandia darini, taa zilizozamishwa darini na kizingiti cha mlango wa nyuma ndizo ninazozikuta kila mahali.

Anayejenga kwenye joto na hatatumia kiyoyozi asijisumbue na haya. Nyumba yake inapaswa kupumua, kivuli na upepo vimtoshe. Lakini akipanga kiyoyozi chumba kimoja cha kulala, chumba hicho kizibwe kama sanduku, mlango wake wa ndani ukiwemo.

Ukiziba, lazima uingize hewa kwa makusudi. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 50 huanza kutoa maji inapogusa kitu chenye nyuzi 9 hivi, na kona ya baridi nyuma ya kabati hufika huko bila taabu. Kuvu huanzia hapo. Feni za bafuni na jikoni zitoe hewa nje ya nyumba. Nimeshapanda darini mara nyingi nikakuta bomba la feni limeishia juu ya sufi, na sufi yenyewe imelowa chapachapa.

Mashine, kwa kifupi

Maji ya moto hula zaidi ya watu wanavyodhani: kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji takriban uniti 4.65, yaani kilowati-saa 4.65. Pampu joto, mashine inayovuta joto la hewa ya nje na kulitia kwenye maji, hufanya kazi hiyo kwa theluthi moja hivi ya umeme. Bafu na jiko vipakane ukuta, bomba liwe fupi, lifunikwe. Mita 10 za bomba la milimita 15 huacha karibu lita moja na nusu ya maji yapoe ndani kila unapofunga koki. Vifaa vinavyosubiri bila kuzimwa, vikila wati 10 mchana na usiku, humaliza karibu uniti 88 kwa mwaka.

Paneli za sola ziwe za mwisho kununuliwa, ila nafasi yake iandaliwe sasa. Laza bomba la nyaya kutoka paani hadi kwenye boksi la umeme, na usimruhusu fundi bomba aweke tangi pale kivuli chake kitakapoangukia paneli. Acha nafasi ya hewa chini yake, kwa kuwa kila nyuzi moja juu ya 25 hupunguza nguvu ya paneli kwa asilimia 0.3 hadi 0.4.

Na jioni kabla mpaka plasta hajafika, piga picha kila ukuta, tepu ya kupimia ikiwa imenyooshwa ionekane. Mtu akija miaka mitano baadaye na kamera kama yangu akakuonesha doa, utajua kama ni sufi iliyoteremka au ni bomba, na utajua pa kutoboa.