Kuweka Taiming ya Injini Yenye Distribyuta
Taiming ni wakati ambao cheche huruka ndani ya silinda, na distribyuta ndicho kifaa kinachogawa cheche hiyo kwa kila plagi. Washa injini hadi ipate joto lake la kawaida, kisha izime, chomoa na uzibe mpira wa vakyumu (bomba dogo la mvuto wa hewa) wa distribyuta, na ufunge taa ya taiming, ile inayomweka kila plagi inapotoa cheche, kwenye waya wa plagi ya silinda ya kwanza. Alama ya puli (gurudumu la mkanda mbele ya injini) ipakwe chaki, maana iliyojaa grisi haisomeki. Washa injini tena; ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, mulika alama kwa taa hiyo, legeza kidogo boliti ya distribyuta na uizungushe distribyuta yenyewe taratibu mpaka alama ilingane na digrii alizoagiza mtengenezaji, kwenye kipimo kilicho kando ya puli. Kaza, halafu pima tena, kwani kule kukaza kwenyewe mara nyingi huisogeza. Kuongeza digrii kwa kutafuta nguvu sikushauri: cheche ikiwahi mno, injini hugonga inapobeba mzigo, na pistoni zaweza kutoboka.